Ritifaa

Saa tatu usiku, ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga.
Wauza vipuri chini wameshafunga,
harufu ya grisi imebaki kwenye ngazi.
Nina kiolezo kimoja cha tanzia
kilichokwisha kuzika watu mia nne na ushei.
Alizaliwa. Alisoma. Alipenda. Ameacha.
Na chini ya Ameacha, kwa herufi kubwa,
WATOTO,
ambalo si neno, ni shimo.

Kulijaza ndiyo kazi yangu.
Familia huleta majina, nayaweka kwenye faili yake,
kisha nainong'oneza sed:
pita mstari kwa mstari, usiguse kitu,
ukifika penye WATOTO mimina faili hapo,
halafu ufute neno lenyewe
lisibaki likikodoa macho katikati ya msiba wa watu.

    sed -e '/WATOTO/r majina' -e '/WATOTO/d' tanzia

Mwaka wa kwanza niliisahau sehemu ya pili.
Marehemu wa Kariobangi akasindikizwa na nakala mia tatu
zenye shimo langu waziwazi juu ya majina ya wanawe.
Hakuna aliyelalamika.
Walidhani ni kichwa.

Leo ni Mzee Zablon Nyangau. Watoto sita,
kwa mpangilio wa kuzaliwa.
"Usitupange kwa alfabeti," alionya Yunuke, kifungua mimba,
maana alfabeti ingempeleka mkiani.

Nilikuwa nahesabu karatasi niliposikia viatu ngazini.
Mwanamke, sare ya hoteli chini ya sweta,
mkononi kijikaratasi kilichokunjwa mara nne.
"Mimi ni wa saba," alisema. "Au wa tatu.
Inategemea unahesabu nyumba ipi."

Kwamboka Nyang'au.

"Na hicho kijialama ukiweke.
Wao walikiacha walipoanza kuomba pasipoti.
Mimi kwa baba nilipata jina tu,
kwa hiyo nalitaka zima."

Sikumjibu. Vidole vilijibu.

    echo Kwamboka Nyang'au >> majina

Mashine haikukataa. Haikukubali.
Ilishuka mstari, ikaweka alama yake ndogo

    >

ikangoja.
Kwayo ritifaa ni mlango ulioachwa wazi,
na kila kijacho, hata usiku mzima, kiko ndani
mpaka mtu aje aufunge.

"Imekwama?"
"Haijakwama. Inadhani hujamaliza kusema."
Akavuta kiti. "Basi imenijua."

Akasema. Baba alikuja Jumanne,
mkate mmoja, gazeti la jana.
Alimfundisha kutamka ng' akimbana pua kwa vidole viwili:
ng'ombe, ng'ambo, king'ora,
na alipoweza bila kubanwa, alipewa ganda la mkate.
Hospitali alimwona mara moja,
kutoka mlangoni, nyuma ya migongo sita.
Alama ilikuwa ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima.
Sijui ni mimi au yeye aliyeitazama zaidi.

Aliyelipa amelipia sita.
Nalijua hilo. Risiti iko kwenye droo.
Lakini sed haiulizi nyumba,
humimina kilichomo.

Nikavunja amri, nikaanza upya,
nikalifunga jina kwa nukuu maradufu,
huku na huku, kama leso ya kumbebea mtoto mgongoni,

    echo "Kwamboka Nyang'au" >> majina

na safari hii ikapita bila neno.
Ukurasa ukatoka ukiwa na joto.
Mistari saba. Sita misafi kama pasipoti,
wa saba na punje yake ya mchele juu ya jina.
Akaisoma, akaikunja mara nne,
akashuka ngazi za grisi, zamu yake inaanza saa nne.

Asubuhi Yunuke alisoma prufu kwa kidole.
Kidole kilishuka sita, kikasimama.
Nilimtazama kama ninavyotazama skrini.
Chini, mtu aligonga bomba la ekzosi kwa nyundo, akaacha.
Akavua miwani, akafungua mdomo, akasema, "Huyu